Kuingiza bioinfomatiki katika maabara ya afya ya jamii: mwongozo kamili kwa mfano wa kipindupindu

Mashine ya kusoma vinasaba ya MinION inaenea kiganjani. Ichomeke kwenye kompyuta jioni, na kufikia asubuhi itakuwa imekupa mabilioni ya herufi A, C, G na T. Lakini afisa anayepambana na mlipuko hana la kufanya na herufi hizo. Anachotaka kujua ni kama kipindupindu kilichoingia wilayani ni kile kile cha msimu uliopita au ni kigeni, na kama doxycycline (antibiotiki ya kukitibu) bado inafaa. Kutoka kwenye herufi hadi kwenye jibu hilo ndiko kwenye bioinfomatiki, na ndiko maabara nyingi zinakokwama.

Tumechagua Vibrio cholerae kwa sababu ni kimelea kizuri cha kuanzia. Jenomu yake, yaani DNA yake yote, ni ndogo, takribani besi (herufi) milioni 4, na imegawanyika katika kromosomu mbili: kubwa ya karibu milioni 2.96 na ndogo ya karibu milioni 1.07. Huota vizuri maabara, kwa hiyo DNA safi haikusumbui. Na majibu yake yana uzito. Usomaji wa jenomu ndio ulioonyesha kwamba kipindupindu kilichoilemea Yemen kuanzia mwaka 2016 kilikuwa na undugu wa karibu na kile kilichozuka Kenya, Tanzania na Uganda mwaka 2015 na 2016. Hakuna diski ya dawa (ya kupima kama antibiotiki inaua bakteria kwenye sahani) wala kipimo cha serolojia (cha kutambua aina kwa kingamwili) ambacho kingeonyesha hilo.

Shika jambo moja tangu mwanzo: programu ni kitendanishi. Ina toleo, kama kitendanishi kilivyo na namba ya bechi. Hifadhidata yake hupitwa na wakati. Inahitaji kontroli, na haitoi jibu kwa mteja kabla ya kuhakikiwa. Maabara inayofuata ISO 15189, kiwango cha ubora cha maabara za tiba, tayari ina nidhamu hii kwenye benchi, kilichobaki ni kuipeleka kwenye kompyuta.

Andika swali kabla ya kununua

Kaa na timu ya ufuatiliaji wa magonjwa, muandike kwenye karatasi moja maswali ambayo maabara itajibu. Kwa kipindupindu huwa ni haya: je, ni O1 au O139 (aina mbili zinazoleta milipuko), na ina jeni za sumu? Ni ya ukoo wa janga la saba, ule unaoitwa 7PET? Ina jeni gani za usugu? Je, sampuli hizi zina undugu wa karibu kiasi cha kuhesabiwa kuwa mlipuko mmoja?

Maswali matatu ya kwanza yanajibika kwa sampuli moja moja, siku ile ile uchambuzi unapokamilika. La nne linahitaji mti wa ukoo, jenomu za kulinganishia kutoka nchi jirani, na mtu anayejua kuusoma mti huo. Anza na matatu ya kwanza. Ukianza na mti utakaa miezi sita bila kutoa ripoti hata moja, na wakati huo floseli zako zinaharibika kwenye friji. Floseli (ile kaseti yenye vitundu vya kusomea) hukaa kwenye nyuzi 2 hadi 8, na maisha yake huhesabiwa kwa wiki. Ikifika tu, ipime idadi ya vitundu hai. Ya MinION ikiwa chini ya 800, mjulishe msambazaji mara moja, kwa sababu ukichelewa unapoteza haki ya kubadilishiwa.

Watu wawili, si mmoja

Usimwachie kazi hii kijana mmoja anayejua kompyuta. Akipata ufadhili wa masomo, kazi inaondoka naye. Chukua mwanamikrobiolojia mmoja wa benchi na mtu mmoja wa data, wafundishwe pamoja, na kila mmoja awe na uwezo wa kuendesha mlolongo mzima kutoka faili ghafi hadi ripoti bila kumpigia simu mwenzake. Hicho ndicho kiwe kipimo cha umahiri, na mkipime kila baada ya miezi sita. Mwanamikrobiolojia ndiye atakayegundua kwamba jibu halina maana kibaiolojia, jambo ambalo programu haiwezi kulifanya.

Kompyuta na umeme

Kwa sampuli 24 kwa wiki huhitaji seva ya mamilioni. Inatosha kompyuta moja ya mezani yenye Ubuntu, kori 16, RAM ya GB 64, kadi ya michoro ya NVIDIA yenye kumbukumbu isiyopungua GB 8 (12 ni bora), na diski ya SSD ya TB 2. Kadi ya michoro si anasa. Kugeuza mawimbi ya umeme ya MinION kuwa herufi kwa modeli sahihi zaidi ni kazi ya saa chache kwenye kadi nzuri, ila bila kadi huchukua siku nyingi. Ukipewa nafasi ya kuchagua kati ya kori za ziada na kadi bora, chukua kadi.

Nafasi ya kuhifadhi ndiyo inayosahaulika. Faili ghafi za POD5 huchukua takribani GB 7 hadi 10 kwa kila besi bilioni moja. Mzunguko mmoja wa kusoma, wa besi bilioni 10, utakula karibu GB 100, na mizunguko isiyofika ishirini itajaza SSD yako. Nunua diski mbili za nje za TB 8, moja ikae jengo jingine. Amua mapema POD5 zitatunzwa kwa muda gani. Pendekezo letu ni mwaka mmoja, kwa sababu modeli mpya za kusoma mawimbi zikitoka unaweza kuzichakata upya na kupata herufi bora bila kugusa sampuli.

UPS (betri ya akiba) iendeshe kompyuta na MinION kwa dakika 30 angalau, na ijaribiwe kwa kuchomoa plagi ukutani kabla ya kuiamini. Zima masasisho ya kujiendesha ya mfumo na hali ya kulala ya kompyuta, kwani kompyuta iliyolala saa nane usiku husimamisha usomaji sawa na umeme ukikatika.

Intaneti nayo ipigie hesabu. Kwa kasi ya megabiti 10 kwa sekunde, hifadhidata ya GB 8 hushuka kwa karibu saa mbili, na faili la GB 100 huchukua saa 22. Pakua usiku kwa wget -c, ambayo huendelea pale ilipokatikia, kisha hakiki faili kwa md5sum. Hifadhidata iliyokatika nusu wakati mwingine haitoi kosa lolote, inatoa tu majibu yenye upungufu.

Hesabu ya sampuli kwa kila mzunguko

Lenga kina cha mara 50, yaani kila besi isomwe kwa wastani mara 50. Besi milioni 4 mara 50 ni milioni 200 kwa sampuli. Sampuli 24 zinahitaji bilioni 4.8, kiasi ambacho floseli nzuri inakifikia. Tatizo ni kwamba bakodi (vipande vya DNA vinavyobandikwa ili kutambulisha kila sampuli) hazigawani sawa. Sampuli moja itapata mara 150 na nyingine mara 12. Kwa hiyo mizunguko ya mwanzo weka sampuli 12, pamoja na kontroli hasi moja (isiyo na DNA ya kimelea) na kontroli chanya moja (yenye kimelea kinachojulikana).

Tofauti hiyo huanzia benchi. Kiti (boksi la vitendanishi) ya haraka yenye bakodi 24 inataka nanogramu 200 za DNA kwa sampuli. Zipime kwa kifaa cha Qubit. Kifaa cha Nanodrop huhesabu na RNA, kwa hiyo sampuli inayosomeka nanogramu 200 huenda ina 60 tu za DNA. Kimeng'enya cha kiti hii ndicho kinachokata DNA na kubandika bakodi kwa wakati mmoja, dakika 2 kwenye nyuzi 30 kisha dakika 2 kwenye nyuzi 80. DNA ikiwa chache, kimeng'enya kinakuwa kingi kuliko kazi na kukatakata vipande vifupi mno, na kuunganisha jenomu kunakuwa kugumu.

Kusakinisha

Tumia Miniforge, kisakinishi cha conda ambacho huchukua programu kutoka maghala (chaneli) ya mtandaoni ya conda-forge na bioconda. Epuka chaneli ya kawaida ya Anaconda, kwa sababu masharti yake yanadai malipo kwa taasisi zenye watu zaidi ya 200, na wizara inavuka idadi hiyo kwa mbali. Kila programu kubwa ipe mazingira yake, yaani sehemu iliyotengwa isiyogusa programu nyingine (flye huunganisha jenomu, amrfinder hutafuta jeni za usugu):

conda create -n flye -c conda-forge -c bioconda flye
conda create -n amr -c conda-forge -c bioconda ncbi-amrfinderplus

Ukizirundika zote kwenye mazingira mamoja, ipo siku utasasisha moja na kuvunja tatu. Usakinishaji ukikamilika, andika matoleo yote kwa conda list --explicit > amr_bechi01.txt na uliweke faili hilo kwenye jalada la ubora. Hiyo ndiyo namba yako ya bechi.

Mkishazoea, hamieni kwenye mlolongo ulioandikwa kwa Nextflow (programu ya kuendesha hatua zote kwa mpangilio) na kuendeshwa ndani ya kontena (kifurushi chenye programu na vyote inavyohitaji). Una faida moja kubwa kwa mazingira yetu: umeme ukikatika hatua ya saba, unaongeza -resume na kazi inaanzia hapo, hairudi mwanzo. Ila saraka yake ya work hujaza diski kimyakimya, kwa hiyo isafishe kila baada ya ripoti kusainiwa. Kwenye seva ya pamoja ambako hupewi mamlaka ya juu, endesha kontena kwa Apptainer badala ya Docker.

Uchambuzi wenyewe

Hatua ya kwanza ni kugeuza mawimbi kuwa herufi na kutenganisha bakodi:

dorado basecaller sup pod5/ --kit-name SQK-RBK114-24 > zote.bam
dorado demux --no-classify --emit-fastq --output-dir bakodi zote.bam

Tazama jina la kiti. Boksi limeandikwa SQK-RBK114.24 kwa nukta, ilhali dorado inataka kistari. Nukta hiyo moja imekwamisha wengi.

Hatua ya pili ni kuuliza kama kilichosomwa ni kile ulichokusudia. Pitisha kila sampuli kwenye Kraken2, programu ya kutambua kila kipande ni cha kiumbe gani, kwa hifadhidata ndogo ya GB 8, ambayo inatosha kwenye RAM yako. Kwa kimelea kilichooteshwa vizuri, sehemu kubwa mno ya vipande iangukie jenasi ya Vibrio. Ukikuta asilimia 30 ni Escherichia, sahani ilichanganyika. Rudi benchi ukaoteshe upya kutoka koloni moja. Usijaribu kusafisha kwa programu, kwa sababu jeni ya usugu uliyoiona hutajua ni ya nani.

Hatua ya tatu ni kuunganisha vipande kuwa jenomu:

flye --nano-hq bakodi01.fastq --out-dir bakodi01 --threads 16

Kinachotarajiwa kinajulikana, na hili ndilo linalofanya kipindupindu kiwe mwalimu mzuri. Ukipata duara moja la milioni 3 na jingine la milioni 1, umefaulu. Kipande cha tatu cha karibu besi 150,000 huenda ni plasmidi (duara dogo la DNA nje ya kromosomu) ya aina ya IncC inayobeba usugu, kiangalie kwa makini. Jumla ikifika milioni 5 ujue kuna uchafu, ikibaki milioni 3.2 ujue kina hakikutosha. Kisha ng'arisha, yaani sahihisha herufi, kwa Medaka ukitumia chaguo lake la --bacteria, kwa kuwa alama za kemikali ambazo bakteria hubandika kwenye DNA yake huweza kuichanganya mashine ikaandika herufi isiyo sahihi.

Hatua ya nne ni jeni za usugu:

amrfinder -n medaka/consensus.fasta -O Vibrio_cholerae --plus

Aina ya O, aleli (toleo) ya ctxB, jeni ya sumu ya kipindupindu, na ukoo ndani ya 7PET unaweza kuzipata kupitia Vibriowatch ndani ya tovuti ya Pathogenwatch, ukipakia jenomu iliyounganishwa. Kabla ya kupakia chochote nje ya nchi, pata kibali cha maandishi kutoka ngazi husika.

Jedwali la sampuli, hapo ndipo pa kuumia

Hapa tukae kidogo, kwa sababu makosa mengi ya bioinfomatiki si ya jenomu, ni ya jedwali. Chukua namba 24E11, yaani mwaka 2024, wodi E, sampuli ya 11. Iandike kwenye Excel. Itakurudishia 2.4E+12, kwa sababu imedhani E ni ya kipeo. Andika 0047, inabaki 47. Wanasayansi wa jeni za binadamu walilazimika kubadilisha majina ya jeni kadhaa, matangazo yake yakatoka mwaka 2020, kwa kuwa Excel ilikuwa ikiyageuza kuwa tarehe. Uingereza mwaka huo huo wagonjwa 15,841 wa COVID-19 walikosekana kwenye hesabu kati ya Septemba 25 na Oktoba 2, kisa faili la Excel la muundo wa zamani lilijaa mistari.

Kwa hiyo tengenezeni namba ambayo haiwezi kusomeka kama tarakimu, kwa mfano VC24-0047, isiyo na nafasi wala mkwaju. Tarehe iandikwe 2024-03-05 daima, maana 05/03 huku ni Machi na Marekani ni Mei. Badala ya jina la mgonjwa, weka namba tu, na mahali paishie ngazi ya wilaya.

Kuna mtego mwingine usioonekana kwa macho. Jedwali likihifadhiwa kwenye Windows, kila mstari huishia na herufi fiche ambayo Linux huiona kama sehemu ya neno. Mlolongo unatafuta sampuli, unasema faili halipo, nawe unaliona lipo mbele yako. Amri hii inaponya:

sed -i 's/\r$//' sampuli.csv

Ifanye iwe mstari wa kwanza wa kila uchambuzi, hata pale unapoona haina haja.

Kuhakiki kabla ya kutoa jibu

Tafuta aina ya rejea N16961, ambayo jenomu yake ilichapishwa mwaka 2000. Ni O1 El Tor, Inaba, yenye ctxB3. Mlolongo wako ukisema ctxB7, una tatizo, na umelijua kabla ya mgonjwa kuhusika. Ongeza sampuli angalau 20 zilizohifadhiwa ambazo matokeo ya serolojia na diski za dawa yanajulikana, zikiwemo chache ambazo si kipindupindu kabisa. Tatu kati yake zirudieni mara tatu, siku tofauti na kwa watu tofauti. Faili hizo hizo ghafi zikiingizwa mara mbili kwenye mlolongo ule ule, majibu ya jeni yawe yale yale. Yakitofautiana, tafuteni sababu kabla ya kuendelea.

Wekeni mipaka ya kukubali kwa maandishi. Kwa kuanzia tunapendekeza kina kisichopungua mara 40, jumla ya jenomu kati ya milioni 3.9 na 4.3, uwiano wa G na C wa karibu asilimia 47, na kontroli hasi isiyoweza kuunganishwa kuwa jenomu. Vipande vichache kwenye kontroli hasi ni kawaida kwa kiti za bakodi. Kina cha mara 5 si kawaida, na mzunguko mzima urudiwe hata kama Mganga Mkuu wa Mkoa anasubiri simu.

Kusoma matokeo ya usugu

Siku ya kwanza mtakapoendesha AMRFinderPlus (ile amri ya amrfinder) huenda mkashtuka, kwa sababu jedwali litaonyesha varG, jeni inayowekwa kundi moja na zile za usugu wa carbapenem, antibiotiki za akiba ya mwisho. Msipige simu wizarani. varG hupatikana kwa kawaida kwenye 7PET, na kuwepo kwake hakumaanishi kwamba dawa hizo zimeshindwa. Vivyo hivyo catB9, ambayo kwa jina ni ya usugu wa chloramphenicol, hukutwa kwa aina ambazo dawa hiyo bado inaziua. Ripoti inayotoka bila mtu kuchuja jeni hizi itawaogopesha madaktari bure, na siku ya hatari ya kweli hawatawaamini tena.

Zile za kuangalia kwa jicho kali ni mph(A), inayogusa azithromycin, jeni za tet, zinazogusa doxycycline, na mabadiliko ya gyrA S83I pamoja na parC S85L, ambayo hupunguza nguvu ya ciprofloxacin. mph(A) au tet ikionekana kwenye plasmidi ya IncC, toeni taarifa siku hiyo hiyo, na diski za dawa ziwekwe sambamba. Plasmidi za jamii hii zilikutwa kwenye kipindupindu sugu sana cha Zimbabwe mwaka 2018. Andikeni kwenye ripoti "jeni imeonekana" badala ya "ni sugu", mpaka benchi ithibitishe.

Kuhusu mti wa ukoo, mkifika huko, msichanganye jenomu za MinION na za Illumina (aina nyingine ya mashine za kusoma vinasaba) kwenye mti mmoja kabla ya kusoma sampuli zile zile kwa mashine zote mbili na kuona tofauti. Kipindupindu cha mlipuko mmoja hutofautiana kwa besi chache sana, kwa hiyo makosa matano ya mashine yanatosha kuunda mlipuko usiokuwepo.

Ripoti na matunzo

Ripoti iwe ukurasa mmoja. Juu kabisa jibu kwa lugha ya kawaida, chini yake namba za sampuli, kina, jeni zilizoonekana, na mwisho matoleo ya programu na tarehe ya hifadhidata. Isainiwe na watu wawili. Ukikamua DNA Jumatatu na kusoma usiku huo, ripoti inaweza kutoka Jumatano.

Data itunzwe kwa kufuata sheria ya nchi: Tanzania ni Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, Kenya ni ile ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Mkisoma kinyesi moja kwa moja bila kuotesha, vipande vya DNA ya mgonjwa huingia kwenye faili, na lazima viondolewe kwa kulinganisha na jenomu ya binadamu kabla faili halijatoka nje ya jengo.

Hifadhidata ya usugu isasishwe kwa ratiba, kila robo mwaka, wala si kila anapojisikia mtu. Kabla ya toleo jipya kuanza kazi, pitisheni faili za N16961 na zile sampuli 20 upya, mlinganishe majedwali mstari kwa mstari, na kila tofauti iandikiwe sababu. Mazingira ya zamani msiyafute. Anapokuja mkaguzi, au wakili, akiuliza kwa nini ripoti ya Machi ilisema hivi na ya Agosti ikasema vile kwa sampuli ile ile, mfungue amr_bechi01 mbele yake, muiendeshe, apate jibu la Machi.